Nyasi Juu ya Kichuguu

Vijana wangu, juzi mlipokuja kunisalimia hapa Ipuli, mkiwa na mabuti mapya na barua zenu za ajira, mmoja wenu aliniuliza, "Mama, hivi wafugaji wanataka nini hasa?" Nikanyamaza muda mrefu, kisha nikacheka peke yangu. Niliwaona mnatazamana. Mlidhani ama nawadharau ama uzee umeanza kunichezea akili. Hapana. Nilikuwa nimeondoka tu. Mwili ulikuwa kwenye kiti cha kamba, mkono umeshika kikombe, lakini mimi nilikuwa upande wa Puge, asubuhi, natembea nyuma ya ng'ombe na vumbi limesimama hewani halitaki kushuka.

Hunitokea hivyo siku hizi. Nasikia kengele ya ng'ombe wa jirani, wa maziwa, anayefungiwa ndani na kuletewa majani, na mara nyumba inayeyuka. Naiona tena ile njia ya kale ya misafara, waliyoipita babu za babu zetu na mizigo ya pembe mabegani kwenda pwani. Ukiwa mgeni huioni. Lakini mvua za kwanza zikinyesha, majani huchipua mapema kwenye ule mfereji uliochimbwa na nyayo, na kwa siku mbili tatu unaona mstari mwembamba wa kijani umelala juu ya ardhi tupu, unakwenda mpaka macho yanashindwa. Ng'ombe huufuata vichwa chini. Mara nyingi nami niliufuata bila sababu yoyote ya kikazi, na kwenye daftari la kazi nikaandika kwamba nilikuwa nakagua malisho.

Basi swali lenu nitalijibu, ila kwa njia yangu. Nitawasimulia kosa langu kubwa kuliko yote. Mazuri yangu wameyaandika kwenye cheti walichonipa siku ya kuniaga, mnaweza kuyasoma pale ukutani.

Mimi ni mtoto wa mjini. Baba yangu alikuwa fundi bati hapa Tabora, anatengeneza ndoo, vibatari na mabeseni, na ng'ombe niliyemfahamu utotoni ni yule aliyekatwa vipande akaning'inizwa buchani. Nilisoma mifugo kwa sababu nafasi ilipatikana huko. Nilipopangiwa kijiji kimoja kati ya Bukene na Puge, nilishuka kwenye lori na viatu vyeupe. Ndiyo, vyeupe. Kesho yake nikapelekwa kwenye josho. Dume moja likaruka ndani ya dawa kama mtu anayejitupa mtoni, nikaoga dawa ya kupe kuanzia kilemba hadi vile viatu. Wafugaji hawakucheka mbele yangu, wana adabu. Walikwenda kucheka nyuma ya zizi, nikawasikia.

Hawakuwahi kuona mwanamke katika kazi ile. Waliokuja kabla yangu wote waliitwa bwana mifugo, basi mimi wakaniita Bibi Mifugo, ingawa nilikuwa msichana asiyefika hata umri wenu. Jina likanishika. Hata leo nikienda Bukene kuna wazee wanaoniamkia kwa jina hilo, na mwenyewe nimeshafikia umri wake.

Aliyenipokea kijijini alikuwa mjane mmoja, Mama Kabula. Nyumba yangu ya kazi ilikuwa haijaezekwa, mwenyekiti wa kijiji akamwomba nikae kwake. Mwanamke mrefu, mkavu, anaongea polepole kana kwamba kila neno analichungulia kwanza kama lina mchanga. Watoto wake wa kike walikuwa wameolewa mbali. Mumewe alikuwa amefariki, akamwachia ng'ombe kumi na mmoja na ngitili.

Ngitili mtazisikia sana huko muendako, kwa hiyo niwaeleze mapema. Ni kipande cha malisho ambacho mfugaji hukifunga tangu mvua zinapoanza. Hakina uzio, hakina mlinzi, hakina kibao. Kila mtu anajua tu kwamba kuanzia mti ule hadi kijito kile ni ngitili ya fulani, na ng'ombe hawaingii. Majani huota, hukomaa, hukauka yakiwa yamesimama, na kiangazi kinapokaza, wakati nje hakuna hata cha kuchokonolea meno, ndipo mwenyewe anaifungua kidogo kidogo. Ile ya Mama Kabula ilikuwa kando ya njia ya kale niliyowaambia. Upepo ukipita, nyasi zote zilikuwa zinalala upande mmoja, halafu zinainuka taratibu, na mimi niliweza kusimama pale nikasahau nilikotumwa.

Lakini ngitili hiyo ilikuwa na sharti. Baada ya msiba, ukoo wa mume ulikaa kikao. Walisema nyumba na ngitili vitabaki kwa mjane maadamu zizi la ndugu yao lina ng'ombe. Siku zizi litakapobaki tupu, ardhi itarudi kwenye ukoo. Na mwenye kuirithi ilikuwa inajulikana ni nani: Shija, mdogo wake marehemu, aliyekaa ng'ambo ya mbuga, umbali wa kutembea nusu saa. Shija hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wana wengi na eneo dogo, na aliitazama ngitili ya shemeji yake kama mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani. Hakuficha. Alimwambia Mama Kabula nikiwa nimekaa pale pale:

"Shemeji, mimi sikuchukii. Lakini siku hilo zizi likikosa ng'ombe, usinilaumu."

"Nitakulaumu kwa lipi?" Mama Kabula akajibu. "Wewe utakuwa umechukua chako."

Sasa nije kwenye kosa.

Ilikuwa mwezi wa tano, mvua zimekatika, nyasi bado za kijani. Chuoni tulifundishwa, na ni kweli kabisa, kwamba nyasi ikikauka ikiwa imesimama inapoteza nguvu yake. Ikatwe mapema, ikaushwe, ihifadhiwe. Ng'ombe akila hei nzuri ananenepa, akila majani yaliyokufa amesimama anashiba tu tumbo. Nikaitazama ngitili ya Mama Kabula, na badala ya kuona akiba nikaona hasara. Nikaanza kumsemesha. Asubuhi namsemesha, jioni namsemesha, nikamchorea kwenye vumbi picha ya ng'ombe mnene na ng'ombe mwembamba. Aliangalia zile picha kwa makini.

"Huyu mwembamba umempa miguu mitano," akasema.

Hatimaye akakubali. Nadhani alikubali kwa kunionea huruma, lakini pia alikuwa anataka zizi lake lipite kiangazi salama, na mimi nilimwahidi kwa kinywa changu kwamba mwaka ule hakuna ng'ombe wake atakayekonda. Wanawake wa kijiji wakaja na mundu, kwa zamu, tukaimaliza ngitili nzima. Nikatengeneza sanduku la mbao, tunashindilia nyasi ndani, tunafunga kamba ya katani, linatoka robota zuri la pembe nne. Watu wakaja kutoka vijiji vya jirani kuangalia. Naukumbuka ule utamu wa harufu ya hei mbichi juani, hata sasa nikisimulia pua yangu inaitafuta.

Likabaki suala la mahali pa kuyaweka. Chuoni tulionywa sana kuhusu maji: hei ikilowa, inaoza. Nikatafuta mahali palipoinuka. Nyuma ya nyumba palikuwa na kichuguu cha zamani, kipana, kimesawazika juu kama meza, kimeota majani machache na kuonekana kimekufa. Nikafurahi. Tukayapanga marobota pale juu kwa ustadi, tukayaezeka kwa nyasi.

Mama Kabula alisimama ameshika kiuno. "Hapo, mwanangu?"

"Hapo mama. Pameinuka, maji hayaingii."

Akatazama kichuguu, akanitazama mimi, akasema, "Haya."

Mnacheka. Chekeni tu, mimi mwenyewe nilichukua miaka mingi kabla ya kuweza kucheka. Mtoto wa miaka minne wa Kinyamwezi anajua kwamba kichuguu hakifi. Kinalala. Lakini mimi mchwa nilimjua kwenye mtihani, tena nilimjibu vizuri, nikapata alama zote.

Hapa naomba mnivumilie nipumue kidogo. Nyie mna bahati. Mna simu, ukikwama unapiga picha unamtumia mwenzako aliye Nzega, anakujibu kabla hujashuka kwenye pikipiki. Ng'ombe wenu wana hereni zenye namba. Sisi ng'ombe tuliwajua kwa sura na tabia, na ukimkosea mtu ng'ombe wake kwa kumwita wa jirani, umemtukana. Sisemi zamani palikuwa bora. Zamani ndama walikufa wengi kwa homa ya ndigana, na chanjo ilifika ikiwa imeshapata joto njiani. Ninachosema ni kwamba kosa langu hakuna simu ambayo ingelizuia. Aliyekuwa anajua jibu alikuwa amesimama kando yangu, ameshika kiuno, na mimi sikumuuliza. Kuna watu wengi wa namna hiyo huko muendako, na ukiwa umeshika karatasi mkononi wanakuachia uongee.

Mwezi wa tisa tukaenda kufungua hei. Nje palikuwa pamebaki udongo na vijiti. Ng'ombe wa Mama Kabula walikuwa bado wana hali nzuri, naye alikuwa amevaa kitenge chake kizuri siku hiyo. Nikapanda, nikaondoa nyasi za kuezekea, nikashika robota la kwanza kwa mikono miwili.

Lilikuwa jepesi. Halafu likavunjika.

Ndani hapakuwa na nyasi. Palikuwa na udongo mwekundu, umekaa umbo lile lile la robota, pembe nne, na kamba ya katani nayo imeliwa, imebaki mstari tu. Nikashika la pili, likamwagika. La tatu. Nikawa nafukua kama mbwa, nikilia, na mchwa wananipanda mikononi wakiwa na haraka zao. Kilichopona kilijaa vikapu vinne.

"Mama," nikamwambia, "kwa nini hukuniambia?"

Alikaa chini kwanza. Akaokota donge moja, akalivunja kwa kidole gumba.

"Nilidhani chuoni mna dawa," akasema.

Sijawahi kusikia neno lililonichoma kama lile, na halikuwa na ukali wowote. Aliniamini tu. Ngitili ilikuwa imekatwa mpaka chini, hei imekuwa udongo, na mvua zilikuwa bado mbali sana. Ng'ombe kumi na mmoja hawakuwa na cha kula.

Mtu mwingine angenifukuza. Yeye alinipa maji ya kunawa, kisha akachukua fimbo ya mumewe akaenda kwa rafiki zake. Hii nayo ni desturi mtaikuta: mfugaji hawaweki ng'ombe wake wote mahali pamoja. Huwagawa kwa marafiki, wawili kwa huyu, watatu kwa yule, wakakae huko na kula huko, na rafiki anakunywa maziwa. Ugonjwa au ukame ukipiga zizi moja, hujabaki maskini. Kwa siku tatu Mama Kabula alitembea, na kila alikofika aliongea maneno machache, na watu wakakubali kupokea. Ngitili zao zilikuwa bado zimesimama na nyasi zake kavu, zile zile nilizoziita hasara.

Lakini hakuweza kuwatoa wote. Mnakumbuka sharti la ukoo. Ng'ombe aliye kwa rafiki hayumo zizini, na Shija alishaanza kupita karibu na uzio wa zizi asubuhi, akikohoa ili tujue amepita. Ilibidi abaki mmoja. Akabakizwa mkubwa kuliko wote, jike kikongwe mwenye pembe moja nzima na moja iliyopinda kuelekea sikioni, ambaye asingeweza kutembea mbali na hata hivyo hakuna rafiki aliyemtaka. Mama Kabula alimpa jina la Shangazi, kwa sababu hakupenda mtu, alisukuma kila anayemkaribia, na alitaka kuhudumiwa wa kwanza.

Basi zizi zima, nyumba, ngitili, na heshima ya mjane, vyote vikabaki vimesimama juu ya miguu minne ya yule mzee. Akifa kabla ya mvua, Mama Kabula hana kwake. Na mimi ndiye niliyemfikisha hapo.

Tulimlisha kwa mikono. Tukigombana na mbuzi wa jirani tuliokota matunda ya migunga, yale makavu yanayolia ukiyatikisa, tukayaponda kwenye kinu. Andikeni hilo, ni chakula chenye nguvu na kiko bure miguuni mwenu. Ukimpa ng'ombe bila kuyaponda, mbegu zinatoka nzima nyuma na hujamsaidia kitu. Tulichanganya na pumba, tukanyunyiza maji ya chumvi kwenye zile nyasi za vikapu vinne ili azile zote asibague. Maji tulimpa asubuhi kabla ya chakula, kwa sababu ng'ombe mwenye kiu hacheui vizuri. Ofisi yangu ilikuwa zizi. Nilikwenda kwenye josho, narudi. Nakwenda kuchanja, narudi. Na njia nzima nilikuwa namwona kichwani. Jua lilikuwa linachomoza kwenye ukungu wa moshi wa mashamba yanayochomwa, jekundu, bila makali, unaweza kulitazama kwa macho, na mchana nchi nzima ilitetemeka kana kwamba inaonekana kupitia maji. Watu waliokuwa wakija kwa mbali walielea bila miguu. Mara nyingine nilidhani yote yale ni ndoto ndefu ya homa, na kwamba nitaamka nyumbani nisikie nyundo ya baba inagonga bati.

Mwezi wa kumi na moja ukaingia bila wingu. Asubuhi moja tukamkuta Shangazi amelala na hawezi kuinuka.

Ng'ombe akilala kwa udhaifu, vijana, saa zinahesabika. Uzito wake mwenyewe unaiua miguu aliyoilalia, tumbo linajaa hewa, na kesho hata ukimpa majani ya peponi hainuki tena. Nililijua hilo vizuri. Nikafunga kamba kwenye pembe zake, Mama Kabula akashika nami, tukavuta. Akainua kichwa kidogo, macho yakatoka, akakirudisha chini. Tukavuta tena. Tulikuwa wawili tu, wanawake wawili na kamba, na nilikuwa nasema kwa sauti, "Amka, amka, tafadhali amka," kama mtu aliyepungukiwa.

Nikasikia kikohozi. Shija alikuwa amesimama langoni, amejiegemeza kwenye fimbo yake. Sijui nani alimpasha habari, au kama alipita tu kama kawaida. Alitazama. Mama Kabula aliachia kamba, akajifuta uso, akasimama wima.

"Mwangaluka, shemeji," akamwamkia.

Shija hakuitika. Alikuwa ananitazama mimi.

"Nani kakufundisha kumvuta ng'ombe kwa pembe?" akauliza. "Unataka kumvunja shingo?"

"Nataka asimame," nikasema.

"Atasimamaje na wewe unavuta kichwa? Wewe ukilala mtu akakuvuta masikio utaamka?" Akatupa fimbo. Akaingia, akapiga magoti, akapapasa miguu ya Shangazi mmoja mmoja kama anayetafuta kitu kilichopotea. "Mmemlaza upande huu tangu lini? Leteni gunia. Magunia mawili."

Tulikimbia. Akamgeuza kwanza upande wa pili, akamsugua mapaja kwa nguvu mpaka jasho likamtoka, akapitisha gunia chini ya kifua, akaniweka mimi upande mmoja na Mama Kabula upande mwingine, na yeye akashika shina la mkia. Ng'ombe huinuka kwa nyuma kwanza. Kitabuni ipo, nimeisoma, ila mikono yangu haikuijua mpaka siku ile. Akasema, "Sasa," na kile kikongwe kikapanda, miguu inatetemeka, kikasimama. Shija alikiegemeza kwenye bega lake, muda mrefu, akikiimbia kitu kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya chini kabisa. Mtetemeko ulipoisha, akaokota fimbo, akaondoka. Hakuaga. Mama Kabula alimfuata na kibuyu cha maji, hakugeuka.

Tukadhani yameisha. Kesho yake Shangazi alikuwa chini tena, na kabla hatujajua la kufanya Shija akawa langoni.

Alikuja siku zile zote. Sikuzihesabu, na leo zimeungana kichwani mwangu zikawa asubuhi moja ndefu: moshi, jua jekundu, mtu mwembamba anakuja anaelea juu ya mbuga, anakua polepole, anapata miguu, anaingia zizini. "Sasa," anasema. Tunainua. Wakati mwingine alitoa mfukoni mwa koti lake konzi ya magadi, akamlambisha Shangazi kwenye kiganja. Siku moja nikajitia ushujaa nikamshukuru. Alikunja uso.

"Sikuja kwa ajili yenu," akasema.

Mama Kabula hakumshukuru hata mara moja. Nilipomuuliza sababu, alisema mtu anayebeba kitu kizito usimsemeshe.

Mvua ikafika mchana, bila onyo, matone makubwa yenye vumbi. Siku chache baadaye ule mstari wa kijani ukatokea. Shangazi alitoka mwenyewe zizini, akaufuata hatua moja moja, akila. Asubuhi Shija alipokuja alimkuta amesimama, anacheua, na alipomkaribia akasukumwa na ile pembe nzima. Akarudi kwake. Marafiki nao wakaanza kurudisha ng'ombe, wamekonda, ndiyo, lakini wote kumi walikuwa hai.

Ningependa kuwaambia yakaishia hapo kwa amani. Wiki ile ile Shija akaitisha kikao cha ukoo.

Walikuja wazee, wakakaa kwenye vigoda uani kwa Mama Kabula. Mimi nilikaa nyuma na wanawake. Shija akasimama akaeleza madai yake, na aliyaeleza vizuri. Alisema kiangazi chote ng'ombe wa marehemu walikuwa kwa watu. Zizini alibaki mmoja, tena kikongwe, tena aliyelala. Ng'ombe aliyelala chini asiyeweza kuinuka, alisema, huyo si ng'ombe tena, ni nyama inayosubiri kisu. Kwa hiyo zizi lilikuwa tupu. Wazee wakaguna. Hoja ilikuwa na uzito, nami niliona mikono ya Mama Kabula imeanza kukunja na kukunjua pindo la kitenge. Nikainuka kutaka kusema kwamba kosa lilikuwa langu. Mzee wa ukoo, aliyekuwa ndiye mkubwa wao, akaniashiria nikae.

"Huyo ng'ombe," akamuuliza Shija, "alilala moja kwa moja? Au alikuwa anasimama?"

Shija akatazama chini.

"Alikuwa anasimama," akasema.

"Siku ngapi?"

"Kila siku. Asubuhi."

"Una hakika? Nani alimwona?"

Shija angeweza kusema hajui. Sisi wawili tungesema tumemwona, na nani angewaamini mjane mwenye ardhi yake na msichana wa mjini aliyelaza nyasi juu ya kichuguu? Alihamisha fimbo kutoka mkono huu hadi mkono ule.

"Mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa namwinua."

Mzee wa ukoo akaegemea mbele. "Shija. Ulikuwa unaitaka hii ardhi."

"Naitaka mpaka sasa."

"Ungekaa kwako asubuhi moja tu, ingekuwa yako. Mbona ulikuwa unakuja?"

Ndipo Shija akakasirika. Alikasirika kweli, akatugeukia sote, wazee na wanawake, macho yamemtoka, kama mtu aliyeulizwa jambo la kipumbavu.

"Sasa mlitaka nimwache chini?"

Mzee wa ukoo akainuka kwenye kigoda, akasema zizi halikuwa tupu. Wote waliokaa pale walikuwa wafugaji.